Naomba ushauri: picha za chui milia Tadoba zinaniharibikia

Wakuu, habari za leo. Niko masomoni Nagpur, India, na mbuga ya Tadoba haiko mbali. Februari nilienda safari ya asubuhi. Baridi ya alfajiri kwenye gari la wazi, acheni tu! Dereva alisikia tumbili wanapiga kelele juu ya mti, akazima injini. Kimya, kama dakika kumi. Kisha chui milia jike akachomoza kwenye mianzi, akavuka barabara bila hata kututazama. Nimekulia Arusha, simba nimewaona uwandani mpaka nikawazoea, lakini huyu yupo halafu hayupo.

Sasa picha. Nilipiga kama 60. Nyingi kamera imeshika mianzi ya mbele, mnyama nyuma ni ukungu mtupu. Zilizobaki zimetikisika. Lenzi yangu ni ya milimita 70-300, na chini ya miti mwanga ni hafifu.

Nataka kurudi Mei, kabla eneo la ndani halijafungwa Julai kwa ajili ya mvua za monsuni. Joto hupita nyuzi 40 na wanyama hushinda kwenye maji. Je, fokasi niweke kwa mkono au niiachie kamera? ISO, yaani wepesi wa kamera kushika mwanga, nipandishe mpaka wapi? Na tukae dimbwi moja au tuzunguke? Dereva anapenda kuzunguka, mimi naona tunakula vumbi bure.

Kununua lenzi mpya msinishauri, mfuko hauruhusu.