Kutoka Tanga: ziwa la kreta na maporomoko kwa siku 3

Mkazi wa Chumbageni: Habari zenu, ndugu. Tunataka kuona ziwa la kreta, yaani shimo la volkeno, na maporomoko. Tukiwa na siku 3 tu, je, Lushoto itatutosha?

Mwalimu wa Ngamiani: Maporomoko ya Soni huko yanapendeza, lakini Usambara, ilipo Lushoto, ni milima ya miamba ya kale iliyoinuliwa kwa mipasuko ya ardhi, wala si ya volkeno, kwa hiyo ziwa la kreta mtalikosa huko. Nendeni Rombo mkaone Ziwa Chala, lililomo ndani ya kreta mpakani na Kenya, ambalo hulishwa zaidi na maji yanayopenya chini ya ardhi kutoka Kilimanjaro.

Shangazi wa Raskazone: Laleni Marangu, mwanangu, maana maporomoko ya Kinukamori yako hapo hapo. Ila kingo za Chala ni mteremko mkali. Viatu vinavyoteleza viacheni nyumbani.

Mkazi wa Chumbageni: Ahsante, shangazi. Soni tutaipitia tukirudi, kupitia Mombo.