MREJESHO: Nimerudi kutoka Oman

Wapendwa, niliuliza kama mwanamke Mkristo anayesafiri peke yake anaweza kutembea Oman bila shida, na avae nini. Nimerudi salama. Asanteni sana mlionijibu.

Ushauri wa mtandio ndio ulioniokoa. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos pale Muscat hupokea wageni wasio Waislamu asubuhi tu, isipokuwa Ijumaa, na mwanamke lazima afunike nywele, mikono na miguu. Dada mmoja mbele yangu alirudishwa mlangoni kwa sababu ya sketi.

Lugha sasa! Soko la Mutrah, nahangaika na Kiingereza kuulizia ubani, mzee muuzaji akanitazama: "Mwanangu, watoka Bara au Unguja?" Kumbe kazaliwa Unguja! Akanimiminia kahawa kwenye kikombe kidogo kisicho na mkono, na kipande cha halua. Kila nikimaliza anaongeza, mpaka akanifundisha: ukitosheka, tikisa kikombe. Nilikaa karibu saa nzima, ubani nikausahau.

Nizwa nendeni Ijumaa asubuhi na mapema, muuone mnada wa mbuzi. Na riali 1 inazidi dola 2 na nusu, kwa hiyo hela ya chakula ongezeni.