Naomba ushauri: tangi langu la samaki wa baharini usiku linatoa minyoo na sauti ya tak tak

Kijana wa Salasala (mleta uzi)
Wakuu habari za usiku. Niende moja kwa moja, maana leo siku ya tatu sijalala.

Bosi wangu alipomaliza mkataba akarudi kwao, aliniachia tangi la maji chumvi, lita 300 hivi, na samaki wanne na pampu zake. Miezi saba sina tatizo. Wiki mbili hizi nikizima taa na kumulika kwa tochi ya simu, naona mambo. Kuna mnyoo wa rangi ya waridi, nywele pembeni, mrefu kama kidole cha kati, anatoka tunduni anadaka mabaki ya chakula na kurudi kinyumenyume. Vidudu vyeupe havihesabiki kwenye kioo. Kuna kitu kama buibui chenye mikono sita kimejibana kwenye ufa wa jiwe, kinapunga mikono miwili tu nje. Halafu sauti: tak... tak tak. Dada wa kazi ameshafunga mabegi.

Nataka kuua vyote samaki wabaki. Nasikia kuna dawa ya shaba. Nawasilisha.

Babu Kidole
Umechukua bahari umeiweka sebuleni halafu unashangaa usiku inagonga. Maji yana wenyewe hayo. Rudisha.

Mpenda Supu
Hao samaki wanne wanafika kilo?

Ngisi Mstaafu
Mkuu, shaba usiiguse. Shaba ni ya kutibia samaki kwenye tangi la pembeni. Ukiimwaga humo, kaa, kamba, konokono na minyoo wote chali, tena mawe yanainywa na kuitema kidogo kidogo kwa muda mrefu. Na hao wote wakifia humo kwa mpigo, amonia itapanda, asubuhi unakuta samaki nao wanaelea.

Nimehudumia matangi ya hoteli miaka kumi na moja. Huyo mnyoo ni mfagizi wako, anakula uchafu usioufikia. Usimshike kwa mkono mtupu tu, zile nywele zinachoma kama upupu. Zikikuingia, bandika selotepu uvute. Vidudu vya kwenye kioo ni kopepodi, na wale waliojikunja kama kamba wachanga ni amfipodi, chakula cha bure cha samaki. Wa mikono sita ni jamaa ya kiti cha pweza. Kuna aina yao inajikata katikati yenyewe, kila nusu inaota upya. Akitoka mzima mwangalie vizuri: mara nyingi mikono mitatu ni mirefu, mitatu mifupi. Mtu mwenye tangi bila hao ana beseni tu la maji ya chumvi, kazi yote ya usafi ni yake.

Sauti huenda ni kamba wa gando moja kubwa. Hagongi kitu. Anafumba gando kwa kasi hadi kipovu kinatokea majini, kikipasuka ndiyo mlio wenyewe. Hana neno. Ila yupo mwingine, amekaa kama vunjajungu, huyo ana ngumi ya kweli. Ukikuta maganda ya konokono yamevunjwavunjwa, tutamtafuta.

Swali langu: miezi saba kimya, wiki mbili haya yote. Umeongeza nini?

Kijana wa Salasala
Asante mkuu. Sijaongeza kitu cha maana.

Ngisi Mstaafu
Cha maana sijauliza.

Bwana Chokaa
Mmenikumbusha Mikindani. Marehemu babu alikuwa na tanuri la chokaa. Tunatoa matumbawe maji yakitupwa, tunayapanga juu ya magogo ya mwembe, moto unawaka mpaka mawe yanageuka unga. Nikiwa mdogo nilikuwa naona vikaa na vinyota vinakimbia kutoka kwenye mawe yaliyoanikwa, vinarudi kuelekea majini, vingine havifiki. Babu anasema, "Hao wapangaji tu." Nyumba niliyozaliwa imepakwa chokaa ile. Sijui kwa nini nimeandika hivi, endeleeni.

Mama Tunu
Mwanangu, kama dada wa kazi anaondoka kwa sababu ya minyoo, mwongeze mshahara kwanza. Wangu aliondoka akaniambia ni nyoka, kumbe ni miezi miwili sijamlipa.

Kijana wa Salasala
Sawa. Niliongeza mawe matatu. Sikuyanunua. Tulienda kisiwa cha Mbudya na washkaji, yalikuwa yamelala tu kwenye maji ya magotini, nikayaweka kwenye boksi la barafu chini ya soda. Watu wanaokota makombe kila Jumapili. Bahari ni ya Mungu.

Wakili wa Mtaani
Hapo ndipo ulipoficha. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi tangu 1975, na sheria ya hifadhi za bahari ni ya 1994. Bahari ni ya Mungu, ila mgambo wake ni binadamu. Na hata hilo kombe unaloliokota ni nyumba ya kaa.

Babu Kidole
Sasa tumeelewa anayegonga. Anadai jiwe lake.

Kijana wa Salasala
Kwa hiyo mnataka nikajisalimishe kwa ajili ya mawe matatu? Kuna watu walipiga baruti miaka na miaka hamkuwasema. Halafu shida nimeshaanza kuitatua mwenyewe. Jiwe moja nilitoa juzi nikalichemsha, bado mawili. Nilitaka tu kujua kama shaba ni rahisi zaidi.

Ngisi Mstaafu
Ulilichemsha wapi? Juu yake kulikuwa na vitu kama vifungo vya koti, rangi ya kahawia, vimeota kundi zima, ukivigusa vinajifumba?

Kijana wa Salasala
Vilikuwepo, kama uyoga mdogo. Ndiyo maana nikachemsha, nilivyovipiga brashi vikagoma. Jikoni, kwenye sufuria la mama mkwe, lile la pilau la shughuli. Kama nusu saa. Harufu ilikuwa mbaya nikafunga mlango isiende sebuleni, tuko ndani mimi na mke wangu anakaanga vitunguu. Tangu usiku ule nakohoa, mdomoni kama nimenyonya sarafu. Mke wangu ana homa. Lakini mvua zimeanza, mafua yapo mtaa mzima. Ndiyo maana sikuyaandika.

Ngisi Mstaafu
Acha kusoma hapa, amka uende hospitali. Nyote wawili, sasa hivi.

Hivyo vifungo ukoo wake unaitwa Palythoa na ndugu zake. Si vyote vina sumu, ila kwa macho hutofautishi. Vikiwa ndani ya maji bila kuguswa, hatari yake ni ndogo. Ukivichemsha au kuvisugua mpaka vikarusha maji, sumu inaruka na mvuke unaivuta. Inaitwa palitoksini. Kule Hana, kisiwa cha Maui huko Hawaii, wazee walikuwa na dimbwi moja wakisimulia kwamba kilichoota humo kilipakwa kwenye mikuki. Wanasayansi wakaitoa sumu hiyo kutoka kwenye viumbe hivyo na kuitangaza 1971. Moto wa jikoni hauiui. Fungua madirisha, hilo sufuria lisiguswe, na daktari mwambie neno kwa neno ulichochemsha, usimwambie mafua.

Kijana wa Salasala
Usiku huu foleni. Nitaangalia asubuhi. Mke kasema kikohozi kimepungua nilivyompa tangawizi.

Mpekuzi Huru
Jamani mnaingizwa mjini. Nimepitia nyuzi zake. Mwezi wa tatu huyuhuyu aliuliza hapa chumba kimoja Mbagala ni shilingi ngapi, akasema yeye ni bachela. Leo ana mke, mama mkwe, dada wa kazi, Salasala na lita 300? Hii ni chai, tena ya maziwa. Picha ya tangi iko wapi?

Mpenda Supu
Nilisita nilipoona samaki hawaliwi.

Kijana wa Salasala
Ile akaunti mdogo wangu alikuwa anaitumia. Na mimi sijaomba mniamini, nimeomba ushauri.

Mpekuzi Huru
Mdogo wako ndiye anaandika "wakuu habari za usiku" neno kwa neno?

Bwana Chokaa
Mimi namwamini. Mtunga hadithi angesema kachemsha mawe yote matatu.

Nesi wa Zamu
Mnabishana wapi jamani. Kama ni chai, mtakuwa mmepoteza dakika tano. Kama si chai, kuna mama ana homa na kifua kimebana chumba cha pili. Mkuu, shemeji anapumua kwa shida akilala chali? Kucha na midomo rangi gani? Sumu hiyo haina dawa ya kuifuta, wanachofanya ni kusaidia mapafu na kufuatilia moyo, ndiyo maana kuwahi ni muhimu. Tangawizi wekeni kwenye chai ya huyo Mpekuzi.

Wakili wa Mtaani
Na akifika huko asiogope kutaja Mbudya. Daktari si mgambo.

*(siku mbili baadaye)*

Kijana wa Salasala
Wakuu, tulienda saa nane usiku, alianza kuhema yeye. Wote tuliwekewa oksijeni, mimi nikatoka jana, yeye leo mchana. Daktari aliniuliza mara tatu, "Jiwe?" Nikamwonyesha uzi huu, akausoma wote, akacheka kwenye supu.

Picha hiyo nimeweka, Mpekuzi. Yule wa mikono sita alitoka mzima jana usiku. Nimehesabu: mitatu mirefu, mitatu mifupi.

Mpekuzi Huru
Picha ina ukungu. Ila pole kwa shemeji.

Mama Tunu
Na sufuria la mama mkwe?

Kijana wa Salasala
Nimelitupa. Yeye anajua nimemuazima jirani. Ngisi, swali la mwisho: yale mawe mawili yaliyobaki, vile vifungo vipo kwenye moja. Kuchemsha nimeacha. Nikilitoa nikalichoma kwa mkaa, nje kabisa uani?