Vishikio vya sufuria nilivyoshona mwenyewe vimeniunguza mara mbili, nakosea wapi?

Kiraka cha Bluu (mtoa mada)

Habari zenu wapendwa. Mimi huwa nasoma tu na kupita, lakini leo nimekwama.

Mdogo wangu anahamia kwenye nyumba yake mwenyewe mwezi ujao. Nimeamua zawadi yangu itoke mikononi mwangu: vishikio 6 vya sufuria, sentimita 20 kwa 20 kila kimoja, vya viraka vya bluu na nyeupe. Nimeshona wiki 2, kila jioni kidogo kidogo. Kwa macho vimependeza, viraka vimekutana kona kwa kona.

Kabla ya kuvifunga nikasema nivijaribu kwanza. Cha kwanza nilishikia mpini wa kikaangio cha chuma kilichokuwa motoni muda mrefu. Sekunde chache tu joto likapenya hadi kwenye kidole gumba, nikaachia kikaangio kikarudi jikoni kwa kishindo. Kukiangalia kile kishikio, upande mmoja umejikunja na kung'aa, na nikibonyeza katikati nakuta kitu kigumu kama ganda. Ndani nilijaza pamba ya mto wa zamani.

Cha pili nilikishona kivingine: jinzi kuukuu nje, taulo ndani, jumla tabaka 4. Nilikitumia siku 3 bila shida yoyote. Siku ya nne nikafunua nacho sufuria, kikaniunguza vibaya kuliko kile cha kwanza, mpaka nimetoka lengelenge. Na ndicho kinene kuliko vyote!

Sitaki kumpa mdogo wangu kitu kitakachomuunguza. Je, niongeze tabaka? Nibadilishe kitambaa? Au hii kazi niwaachie wenye viwanda? Vinne vilivyobaki vimejazwa pamba ileile ya mto.

Mzee wa Cherehani

Pole sana binti. Kazi usiiache, kosa lako ni dogo na linarekebishika.

Tuanze na cha kwanza. Hiyo tunayoiita "pamba ya mto", mara nyingi si pamba. Ni nyuzi za poliesta, yaani plastiki iliyovutwa ikawa laini. Poliesta huyeyuka kwenye nyuzi joto 250 hadi 260 za Selsiasi, na huanza kulegea kabla ya hapo. Sufuria inayochemka maji haifiki huko, maji yanachemkia 100. Lakini kikaangio kikavu cha chuma kikisahaulika motoni kinapita 250 bila kuonyesha dalili yoyote machoni. Ganda ulilolikuta katikati ndilo hilo, nyuzi zimeyeyuka zikashikana. Zikishashikana, hewa iliyokuwa katikati yao imekwisha, na hewa ndiyo iliyokuwa inakukinga.

Shukuru umeachia mapema. Plastiki iliyoyeyuka ikigusa ngozi haitoki kwa kupukutwa, inaganda palepale na joto lake.

Hivyo vinne vilivyobaki vifumue vyote.

Mama Nyuzi

Pole mwaya. Hilo lengelenge usilitumbue. Na siku nyingine ukiungua, weka mkono chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, si barafu, si mafuta, si dawa ya meno. Likiwa kubwa au limeanza kutoa usaha, nenda kituo cha afya.

Nikuulize kuhusu kile cha taulo: siku hiyo ya nne kilikuwa kikavu?

Kiraka cha Bluu (mtoa mada)

Asanteni. Mama Nyuzi, umenigusa. Nilikuwa nimetoka kufutia meza maji yaliyomwagika. Hakikuwa chapachapa, kilikuwa na unyevu tu. Ndiyo sababu?

Mama Nyuzi

Ndiyo yenyewe, dada yangu. Kishikio kikavu kinakulinda kwa sababu ya hewa iliyonaswa kati ya nyuzi. Hewa iliyotulia hupitisha joto polepole sana. Maji yakiingia yanaifukuza ile hewa na kukaa mahali pake, na maji hupitisha joto mara 20 na zaidi kuliko hewa iliyotulia. Halafu yakipata moto wa kutosha yanageuka mvuke, na mvuke unapita kwenye kitambaa kama kwenye chujio mpaka kwenye kiganja.

Kwa hiyo unene wake ndio ulikuponza, maana taulo nene linanyonya maji mengi na kuyaficha. Juu ukigusa unaona pakavu, ndani pana maji.

Mimi jikoni kwangu kishikio ni kishikio na kitambaa cha kufutia ni kitambaa cha kufutia. Vinaning'inia kwenye misumari miwili tofauti na nyumba nzima inajua. Nimekuwa mkali kwa hili tangu mwanangu aungue hivyo hivyo.

Jirani Mwema

Mimi ningekushauri utafute kile kitambaa chenye utando unaong'aa kama bati, kile cha mbao za kupigia pasi. Weka hicho ndani, tatizo limekwisha. Kinarudisha joto.

Mzee wa Cherehani

Jirani, hapo naomba nikusahihishe kidogo, maana wengi wanakinunua wakidhani kinatosha peke yake. Utando ule unarudisha joto linalosafiri kama mwanga, lile unalolisikia usoni ukisimama mbele ya moto. Ili ufanye kazi hiyo unahitaji nafasi ya hewa mbele yake. Ukiubana kati ya vitambaa na kuukandamiza kwenye chuma cha moto, joto linapita kwa kugusana na mng'ao wake unasaidia kidogo tu. Anayeutumia bado aweke tabaka za pamba halisi pamoja nao. Na kishikio chenye utando huo kisiingie kwenye maikrowevu hata kwa bahati mbaya, kinaweza kutoa cheche.

Binafsi siutumii. Taulo kuukuu la pamba tupu au blanketi kuukuu la sufu, yaani manyoya ya kondoo, ndivyo ninavyovitegemea. Sufu ni nzuri zaidi, haiyeyuki na haishiki moto kwa urahisi.

Jirani Mwema

Asante mzee, nimejifunza. Nilikuwa naamini ule mng'ao ndio kila kitu.

Kiraka cha Bluu (mtoa mada)

Sasa nitajuaje kipi ni pamba tupu? Viraka vyangu ni mabaki ya nguo za miaka mingi, havina lebo hata kimoja.

Mama Nyuzi

Choma kidogo. Kata kipande cha sentimita 2, kishike kwa koleo ndogo ya chuma, simama juu ya sinki lenye maji, nywele zifunge nyuma, watoto wasiwepo. Washa kiberiti.

Pamba inashika moto upesi, inanuka kama karatasi inayoungua, na majivu yake ni ya kijivu, laini, ukiyagusa yakishapoa yanasagika kama poda. Poliesta inajikunja kuukimbia moto, inadondosha matone, na ikipoa inabaki shanga ngumu nyeusi ambayo huwezi kuisaga kwa vidole. Sufu inanuka nywele zilizoungua na moto wake unapenda kujizimia wenyewe. Ukipata majivu laini yenye vishanga vigumu ndani yake, basi kitambaa kimechanganywa, kiweke kando kwa kazi nyingine.

Angalia na jinzi. Zile zinazovutika zina nyuzi za plastiki ndani yake. Jinzi nzito za zamani zisizovutika ndizo nzuri.

Mkono wa Kulabu

Na sisi wa kufuma kwa kulabu tusisahaulike! Kishikio cha kufuma hudumu miaka mingi, ila kuna mambo mawili. Uzi uwe wa pamba. Akriliki inalegea na kuyeyuka kama hiyo poliesta. Na usifume mfumo wenye matundu, hata uwe mzuri vipi, kwa sababu kidole kitakutana na sufuria kwenye tundu. Mimi nafuma vipande viwili vya kubana, navilaza kimoja juu ya kingine, naviunganisha ukingoni. Kinakuwa kizito mkononi na kinashika vizuri hata sufuria isiyo na mpini.

Fundi wa Vijiko

Nimeingia kwa ajili ya neno "zawadi". Ukitaka kuongezea, mwiko wa mbao unakaa vizuri sana na vishikio hivyo. Chagua mbao ngumu yenye vinyweleo vidogo, isiyo na harufu kali. Ukimaliza kupiga msasa namba 120 kisha 180, ulowanishe kwa maji, uache ukauke, utaona nyuzi za mbao zimesimama kama ndevu. Piga tena msasa namba 240. Rudia mara 2 au 3 mpaka zisisimame tena. Wengi wanaruka hatua hii, ndiyo maana mwiko wao unakuwa na manyoya baada ya kuoshwa mara ya kwanza.

Mafuta ya kupikia usiupake, hayakauki, yanachacha na kunata. Mafuta ya kitani yanakauka, lakini chukua yale safi yasiyotiwa dawa za kukaushia. Na hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni: kitambaa ulichopakia mafuta ya kitani usikikunje ukakitupa kwenye pipa. Mafuta hayo yakikauka yanatoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinalihifadhi mpaka kinajiwasha chenyewe bila kiberiti. Kitandaze nje kikauke kikiwa wazi, au kiloweke kwenye maji. Karakana zimeungua kwa kitambaa kimoja tu.

Kiraka cha Bluu (mtoa mada)

Hilo la kitambaa kujiwasha sikuwahi kulisikia, asante sana. Mwiko nitajaribu baadaye, kwanza nimalize hili.

Mzee, naomba unielekeze kushona upya. Mistari ya kushikilia tabaka niliiweka karibu karibu sana, kila sentimita 1, nikidhani ndiyo uimara.

Mzee wa Cherehani

Hapo napo umepoteza kinga. Kila mstari wa uzi unakandamiza tabaka, na palipokandamizwa hewa imetoka. Weka mistari kila sentimita 4 au 5, inatosha kuzuia taulo lisitembee ndani.

Fua vitambaa vyote kwanza kwa maji ya moto na uvikaushe kabla ya kukata. Pamba husinyaa, na taulo husinyaa kuliko kitambaa cha juu, hivyo ukishona kabla ya kufua, siku ya kwanza kikifuliwa kitajikunja kama jani kavu. Usitumie dawa ya kulainishia nguo. Inaacha utando kwenye nyuzi na kufanya taulo lishike moto upesi.

Kata vitambaa vya nje sentimita 22, vya ndani sentimita 20. Ndani weka tabaka 3 za taulo, au 2 za blanketi la sufu. Vya ndani vikiwa vidogo, ukingo haujai na cherehani haikwami. Taulo lisitokeze nje hata kidogo, manyoya yake yanadaka moto wa jiko la gesi. Sindano tumia ya jinzi, namba 100/16, na hatua ya mshono iwe ndefu, milimita 3 na nusu. Uzi uwe wa pamba, si wa poliesta. Ukingo uzungushie mkanda uliokatwa mshazari, unapinda kwenye kona bila kukunjamana.

Kitanzi kiweke kwenye kona, kiwe kifupi, kidole kimoja kiingie basi. Kitanzi kirefu kinanasa kwenye mpini wa sufuria na kuimwaga yote.

Kiraka cha Bluu (mtoa mada)

Nimerudi baada ya siku 5.

Nilivifumua vyote vinne. Uso wa mbele wa viraka nilifanikiwa kuuokoa, kwa sababu nilichoma kipande cha kila rangi na bluu zote zilitoa majivu laini. Nyeupe moja ikatoa vishanga, nikaiondoa na kuweka kiraka kingine. Jinzi yangu nayo kumbe ilikuwa ya kuvutika! Vishanga vilikuwa vidogo sana lakini vipo.

Nimeshona kimoja kipya kwa vipimo vya mzee, ndani tabaka 3 za taulo kuukuu lililokwisha kufuliwa mara nyingi. Nilikiweka mkononi kikiwa kikavu, nikashika sufuria ya maji yanayochemka, nikahesabu taratibu. Nilifika 30 ndipo nikaanza kusikia uvuguvugu, na hata hapo haukuwa wa kuniachisha. Halafu nikakigeuza kuangalia upande wa ndani: hakuna kilichong'aa, hakuna kigumu, kimepata tu alama ndogo ya masizi.

Mistari ya sentimita 4 imekifanya kiwe kinene na laini, kinajikunja vizuri kwenye kiganja. Vile vya mwanzo vilikuwa vigumu kama kadibodi, na mimi nilikuwa nikidhani huo ndio ubora.

Mzee wa Cherehani

Safi sana binti. Kwa kikaangio kikavu cha chuma bado tumia viwili kwa pamoja, au subiri kipoe kidogo.

Mama Nyuzi

Nimefurahi kweli. Na mdogo wako mwambie habari ya misumari miwili.

Kiraka cha Bluu (mtoa mada)

Nimeshaona la kufanya. Vishikio vitakuwa 5, na cha sita nimekibadilisha kuwa kitambaa cha kufutia meza, cheupe kitupu bila kiraka hata kimoja, ili asivichanganye. Kwenye mkanda wa kila kishikio nimedarizi kwa uzi mwekundu neno moja: KIKAVU. Bado viwili.