Supu ya bahari ya haraka hapa Dodoma: pakti ya friza, kamba wa Feri au perege wa Mtera?

Mama Wawili, Ipagala
Habari za jioni wapendwa. Nimekulia Tanga, nimeolewa huku, na baridi ya Juni ikianza namkumbuka mama na supu yake: kamba, ngisi, vipande vya changu, tui jepesi, ndimu. Alikuwa anainjika asubuhi, tunakunywa saa 7 mchana. Mimi natoka kazini saa 11 jioni na watoto wanataka kula saa 1.

Nimejaribu njia mbili. Ya kwanza ni pakti ya mchanganyiko wa bahari iliyogandishwa, vidonge vya kuongeza ladha na tui la unga. Dakika 25 imeiva, lakini ilikuwa maji ya chumvi na ngisi wamekuwa mpira. Ya pili, mdogo wangu aliniletea kamba na samaki wa Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, kwenye barafu. Utamu hausemeki, ila tulikula saa 3 usiku. Sasa nawaza perege wa bwawa la Mtera wa pale soko la Majengo, niongezee kamba wakavu. Nani ameshajaribu?

Baharia Nkuhungu
Dada, pakti usiitupe. Nahisi uliimimina na barafu yake sufuriani. Iyeyushe kwenye friji tangu usiku, mwaga yale maji, kausha kwa kitambaa. Ngisi ana njia mbili tu: dakika 2 moto mkali, au umwache achemke taratibu kama dakika 40. Ukimwepua katikati ya hapo hatafuniki. Kamba naye dakika 3 zinamtosha, akishajikunja na kuwa mwekundu mwondoe.

Upungufu wa pakti ni kwamba haina maganda wala vichwa, na ladha ya bahari imekaa huko. Kidonge hakiwezi kuijaza, kinaleta chumvi tu, na maji yetu ya bomba hapa yana chumvichumvi tayari. Onja kabla hujatia chochote.

Shangazi Kisasa
Mwanangu, mimi nasimama na kamba wa Feri, ila si kila wiki. Wakija mara moja kwa mwezi, wamenye wote siku hiyohiyo. Vichwa na maganda vikaange kwa mafuta kidogo na kitunguu, tangawizi na nyanya moja mpaka vinukie na mafuta yawe rangi ya chungwa. Ponda kwa mwiko, tia maji yafunike, chemsha dakika 20, chuja. Ukiongeza na mifupa ya samaki, usizidishe nusu saa, itakuwa chungu. Maji hayo ndiyo supu yenyewe. Yagandishe kwenye vikopo vya mtindi. Jioni unatoa viwili, unatia ulichonacho.

Kazi ya mama yako iliyokula muda ni kukuna nazi na kusafisha samaki. Hiyo ifupishe bila huruma. Kazi ya maji ya vichwa usiipunguze.

Mjukuu wa Mvumi
Shikamoo shangazi. Nimtetee perege, maana ndiye samaki niliyemjua utotoni. Nyama yake tamu, bei inashikika, na akiwa mbichi kweli mashavu yake ni mekundu. Tatizo ni ile harufu ya tope. Msugue kwa chumvi na ndimu, mwache dakika 10, msuuze. Mtie supu ikishakolea, dakika 8 tu, akizidi anavunjika.

Kamba wakavu watoe mchanga, wakaange bila mafuta, wasage. Kijiko kimoja cha unga huo kwa sufuria ya watu 4. Supu inakuwa nzito na nzuri sana, lakini niseme ukweli: haitakuwa ya Tanga. Ni supu nyingine.

Zabibu Hombolo
Nichangie kidogo. Kabla ya kutia maji, mimi namimina nusu kikombe cha mvinyo mweupe wa hapahapa Dodoma, unakauka, ndipo naendelea. Unakata shombo vizuri.

Baharia Nkuhungu
Kwetu hatutumii. Ndimu inatosha, ila ikamuliwe bakulini. Ukiitia sufuriani tui linaweza kukatika. Na tui la unga likoroge kwanza kwa maji vuguvugu, litie mwisho, moto mdogo.

Ukitaka pweza, tumia preshakuka. Huku tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo anachelewa kulainika kuliko Tanga.

Mama Wawili, Ipagala
Asanteni sana. Shikamoo shangazi. Jana nimepika: vikopo viwili vya maji ya vichwa, ngisi wa pakti, perege mmoja, tui mwisho. Dakika 35 kuanzia kukata kitunguu. Perege nilimtanguliza mno akavunjika, lakini mkubwa wangu aliongeza mara mbili, na nilipoinusa ile sufuria nilinyamaza kidogo. Kidonge sijatia.

Wiki ijayo mdogo wangu anatuma kamba kwa basi. Ni kilomita 450 hivi. Wakifika barafu imeyeyuka nifanyeje?

Shangazi Kisasa
Marahaba mwanangu. Wakiwa bado wa baridi mkononi na hawanuki, wapike usiku huohuo, usiwarudishe friza wakiwa wabichi. Vichwa vikiwa vimeanza kuwa vyeusi na harufu imebadilika, tupa. Na mwambie awafunge na chupa za maji yaliyogandishwa, zinakaa kuliko barafu ya vipande.