Waajiri, mnataka mchambuzi au mnataka neno "uchambuzi" kwenye CV?

Wakuu, hili limenikaa rohoni na leo nalitoa.

Kila tangazo la kazi siku hizi, hata la kupokea simu, lina mstari uleule: "mwombaji awe na uwezo mkubwa wa kuchambua mambo." Sawa, tumesikia. Sasa mnatupa nafasi gani ya kuuonyesha? Fomu ya mtandaoni inakutaka ujipe alama, 1 hadi 5. Nani atajipa 2? Anayejipa 5 bila kupepesa anapita, aliyejipima kwa haki anaachwa. Yaani chujio la kwanza kabisa linamtoa mtu anayejua kupima!

Majuzi kampuni niliyoomba kazi imenitumia jedwali la mauzo, nieleze linasema nini. Nikakaa nalo. Tarehe zimeandikwa kwa mitindo miwili: 03/04 huku ni Aprili 3, kule ni Machi 4, kwa hiyo mauzo ya mwezi mmoja yameangukia mwingine. Risiti kadhaa zimeingizwa mara mbili. Na ule wastani wanaojivunia umebebwa na mteja mmoja mkubwa. Kwa asiyenielewa: wateja wanne wakinunua vitu 10 kila mmoja, wa tano akanunua 60, wastani unakuja 20, na hakuna hata mmoja aliyenunua 20. Nikaandika yote: nimesahihisha nini, nini nimekiacha kwa kukosa ushahidi, na maswali ambayo ningeuliza kabla ya kuamua lolote.

Siku ya usaili, hakuna aliyekuwa amelifungua lile faili. Paneli nzima! Nikaulizwa udhaifu wangu ni upi, na najiona wapi baada ya miaka 5. Nilipoitaja ile kazi nikaambiwa muda hautoshi. Tangu hapo kimya, hata barua pepe ya kunikataa hakuna.

Hivi mnajua mtu anaacha vibarua vyake ili aifanye kazi yenu hiyo bure? Kama hamtaisoma, msiitoe. Na mkiisoma, muulizeni mhusika: mstari huu umeufuta kwa nini? Dakika 10 zinatosha kumjua aliyefanyiwa na mwenzake.

Nanyi washauri wa CV mmechangia. Mnawafundisha vijana kuandika "mchambuzi makini, mtatuzi wa matatizo" ili programu ya kuchuja iokote maneno, mwisho wa siku CV zote zinafanana. Mwambieni kijana aandike alichokikuta, alichokifanya na kilichobadilika. Aliyekaa kaunta, akahesabu wateja saa kwa saa, akagundua foleni inajaa wakati nusu ya wenzake wamekwenda mapumziko, akaomba zamu zipangwe upya, huyo ni mchambuzi, awe na shahada au asiwe nayo. Ila fomu zenu, waajiri, hazina hata pa kuliandika hilo.

Waajiri mliomo humu, nijibuni bila kuzunguka: hayo mafaili mnayotuagiza, huwa mnayafungua?