Nimeongoza kambi siku sita, leo nimepewa simu niwapige picha "viongozi". Mnaomjua huyu mtu mwambieni amenifikisha pabaya

Aliyetumwa Magharibi

Wakuu, sijala tangu asubuhi na sitaki mtu aniambie nitulie. Nimeshuka na boti hapa Kibirizi, Kigoma, sasa hivi, gauni lina matope mpaka magotini, begi limelowa, nimekalia gunia la mchele la mtu nisiyemjua na naandika huku vidole vinatetemeka.

Mnamjua. Sina haja ya kumtaja. Yule ambaye akishika maiki anakohoa mara tatu kwanza ndipo aseme Bwana asifiwe, na akishasema haiachii maiki mpaka jenereta liishiwe mafuta. Kama umewahi kuhudhuria kambi ya vijana mwambao huu wa kaskazini, hata mara moja, unamjua.

Leo, siku ya kufunga, mbele ya vijana wa kambi, amenijia na simu, akaniwekea mkononi, akasema: "Mama, hebu tupige picha ya viongozi. Rudi nyuma kidogo, viatu vionekane."

Picha ya viongozi. Nipige mimi. Viatu vionekane.

Kwa wasiotufahamu: mimi na mume wangu tulitumwa na kanisa letu huko Tabora. Tuliwekewa mikono mbele ya ushirika mzima, wazee wakalia, tukapanda treni na masanduku mawili kuja Kigoma kuwa wamisionari. Huu ni mwaka wa tatu. Nimejifunza kuwapigia makofi wazee ninapowaamkia, nimejifunza kula ugali wa muhogo bila kuulizia wa mahindi, nimezika, nimezalisha, nimekesha. Na barua ya kambi ilikuja kwa majina yetu, ina muhuri: viongozi wa umisionari, mke upande wa wasichana, mume upande wa wavulana. Barua ninayo. Imelowa lakini inasomeka.

Sasa sikilizeni siku sita za kiongozi ambaye hakufaa kuingia kwenye picha.

Maji ya kunywa ya watu 132 nimeyatibu mimi, ndoo kwa ndoo, asubuhi na jioni, kwa sababu tuliopo huku hatujasahau kipindupindu cha kijijini Kagunga mwaka 2015. Kila mtoto aliyetoka chooni alinikuta mlangoni na sabuni. Wameniita Mama Sabuni, na nimekubali jina hilo kwa moyo wote, kwa sababu tumemaliza kambi bila mtoto hata mmoja kuharisha.

Vijana wakienda kuoga ziwani, mimi ndiye niliyesimama na filimbi. Mnalijua ziwa letu. Hili si bwawa la kuogeshea bata. Tanganyika ina kina cha mita 1,470, duniani inazidiwa na Baikal peke yake, na kuna mahali unapiga hatua tatu kutoka ufukweni ya nne huioni chini. Nilikuwa nawahesabu wakiingia, nawahesabu wakitoka, nikipata 131 moyo unasimama mpaka nimwone mmoja nyuma ya mwamba anakula embe.

Usiku wa tatu mvua ilinyesha kama mtu anamwaga magunia ya mahindi juu ya bati. Turubai la wasichana likapasuka katikati. Nililishika kwa mikono tangu saa saba mpaka kukakaribia kucha, nimeinua mikono juu kuliko Musa, na sikuwa na Haruni wala Huri wa kunishikilia. Mwenzetu wa maiki alikuwa nyumba ya matofali, kwenye kitanda chenye chandarua, na asubuhi akatuuliza kwa nini tunasinzia kwenye kipindi cha neno.

Usiku wa tano kijana mmoja akawa anachemka homa. Mume wangu akampakia kwenye boti gizani, taa za wavuvi wa dagaa ndizo zilizowaonyesha njia, wakafika zahanati, kipimo kikasema malaria, mtoto akapewa dawa. Mume wangu akabaki naye. Kwa hiyo leo wakati wa picha, kiongozi mmoja alikuwa zahanati anamlisha uji mtoto wa watu, na kiongozi wa pili alikuwa ameshika simu anaambiwa arudi nyuma.

Rudi nyuma kidogo, viatu vionekane!

Wageni walikuja siku ya tano, wamisionari kutoka ng'ambo, watu wazuri, sina neno nao. Dada mmoja kati yao alinifuata na Kiswahili chake cha kujifunza, akanisalimia vizuri, akauliza, "Na wewe, kazi yako?" Kabla sijafungua mdomo, mwenye viatu akajibu: "Huyu anatusaidia jikoni." Yaani alinijibia! Mwaka wa tatu huu nakaa naye kikao kimoja kila mwezi!

Na hivyo viatu. Vimechongoka mbele, vinang'aa, vingeweza kuparulia samaki magamba. Siku sita za matope ya Desemba havikupata hata tone. Unapitaje kwenye kambi ile bila kupata matope, kama kweli ulikuwa kambini?

Waliosimama kwenye picha ni yeye, wageni wanne, mpwa wake, dereva aliyewaleta wageni, na fundi wa jenereta aliyefika saa hiyo hiyo kudai hela yake. Fundi wa jenereta! Wasichana wangu walikuwa pembeni wananitazama. Mmoja akasema kwa sauti, "Mama Sabuni mbona haingii?" Hakuna aliyemjibu.

Nilipiga ile picha. Hicho ndicho kinachoniuma kuliko vyote. Nilirudi nyuma, nikapiga.

---

Mwana wa Mwanga

Namjuaaa! Mwaka juzi alitufundisha somo la unyenyekevu saa mbili na nusu, kijana kamsimamia nyuma na mwavuli. Pole sana mtumishi.

Mgebuka Mkavu

Swali dogo mleta uzi. Picha ilitoka vizuri?

Aliyetumwa Magharibi

@Mgebuka Mkavu viatu nimevikata. Nimewapiga wote kuanzia magotini kwenda juu. Nilifanya kwa makusudi na bado sijatubu.

Mgebuka Mkavu

Basi haki imetendeka, funga uzi tukalale 😂😂😂

Bangwe Kwetu

Tuseme ukweli tu, mmisionari ni anayetoka nje. Wewe umetoka Tabora, hapo jirani. Wewe ni mwinjilisti. Usitafute vyeo, kazi ya Mungu haina picha.

Reli ya Kati

@Bangwe Kwetu mmisionari maana yake aliyetumwa. Tabora mpaka Kigoma ni zaidi ya kilomita 400 za reli, panda hiyo treni ikwame Nguruka usiku na mbu wake, halafu uje utuambie ni jirani. Na kama kazi ya Mungu haina picha, mbona yule alitaka mpaka viatu?

Bangwe Kwetu

Treni usiiguse mkuu. Mwezi uliopita nimekaa stesheni tangu mchana mpaka alfajiri, nimeulizia mara sita naambiwa "imeshatoka Tabora". Imeshatoka Tabora saa kumi na nne zilizopita!

Mwana Ujiji

Dada, haya hayajaanza leo. Nenda Ujiji penye mnara. Kila mtu anajua Livingstone na Stanley walikutana hapo 1871. Aliyetoka mbio kwenda kumpokea Stanley kabla ya wote alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone. Livingstone alipofariki 1873 kule kwa Chitambo, Zambia ya leo, Susi na mtumishi mwenzake Chuma na wenzao waliukausha mwili wakaubeba kwa miguu, wakapita Tabora, wakaufikisha Bagamoyo. Miezi na miezi njiani. Mazishi yakafanyika London Aprili 1874. Susi na Chuma hawakuwepo! Walipelekwa Uingereza mambo yameshaisha. Mwenzao aliyewahi mazishi ni Jacob Wainwright. Wewe angalau umeshika simu ukaona nani yumo.

Katubuka Juu

Susi kabeba maiti kutoka Zambia, huyu kabeba simu. Mnalinganisha nini jamani.

Aliyetumwa Magharibi

@Katubuka Juu nimebeba turubai usiku mzima, soma tena. Na sijajilinganisha na mtu. Nimesema aliniambia NIRUDI NYUMA. Ningekuwa nimetajwa tu, hata kwa jina la Mama Sabuni, nisingefungua huu uzi.

Toronto ya Miembe

@Mwana Ujiji kila siku Ujiji Ujiji. Livingstone 1872 alikaa miezi Kwihara, hapa kwetu Tabora, akisubiri wapagazi kutoka pwani. Tembe lipo mpaka leo. Nyie mna mnara tu na miembe.

Mwana Ujiji

Tabora mnatuambia sisi habari za miembe? 😂

Toronto ya Miembe

Tuache hayo. Mleta uzi wewe umenyimwa picha, mimi nimenyimwa GODORO. Nilikuwa mlezi wa wavulana kambi moja upande wa Igombe. Nimechanga elfu ishirini, nimebeba godoro langu mwenyewe kwenye baiskeli. Siku ya kwanza kafika mgeni rasmi, likaazimwa "kwa usiku mmoja". Nimelala juu ya majani na wavulana 40 wanaokoroma. Mpaka leo godoro halijarudi na mgeni rasmi nasikia amehamia Dodoma.

Mwana wa Mwanga

Inchi ngapi?

Toronto ya Miembe

Sita. Jipya.

Mwana wa Mwanga

Eeh hilo limeshakuwa urithi wa watoto wake.

Moto wa Mafiga

Mwanangu Mama Sabuni, pole. Ila mimi ndiye niliyekuwa jikoni kwenye kambi hiyo hiyo, na nimesoma maneno yako mara mbili. Umeandika "anatusaidia jikoni" kama vile umetukanwa. Mwaka wa saba huu napika makambi. Naamka saa tisa, kuni mbichi, moshi umeniharibu macho. Sijawahi kuwemo kwenye picha wala kupewa hiyo simu nipige. Mimi hata "rudi nyuma" sijaambiwa, maana hakuna aliyeniona nimesimama.

Aliyetumwa Magharibi

Mama yangu, shikamoo. Umenigusa mahali panapouma na una haki. Sikukusudia kulidharau jiko. Uji wako wa saa kumi na mbili ndio ulionisimamisha baada ya ule usiku wa turubai, na ulinipa kikombe cha pili bila mimi kuomba. Hasira yangu ni kwamba alidanganya mbele ya mgeni kuhusu kazi niliyotumwa. Lakini nimeandika vibaya. Nisamehe mama. Picha ya viongozi ya kweli ingeanza na wewe.

Moto wa Mafiga

Marahaba mwanangu. Nimekusamehe, wala sina kinyongo. Mume wako afike salama na yule mtoto.

Sasa kwa kuwa mpo wengi humu. Sufuria kubwa la ushirika, lile la wali, lina rangi nyekundu ukingoni, halikuonekana leo wakati wa kuhesabu vyombo. Niliazima kwa jina langu. Nani kaondoka nalo?

Reli ya Kati

Hapo sasa ndipo penye kesi.

Bangwe Kwetu

Muulizeni mwenye viatu, gari la wageni lilikuwa na nafasi nyuma.

Katubuka Juu

Msimsingizie mtu. Kwanza siku ya kufunga wali haukutosha, tuliokuja kuwachukua watoto tumepewa ukoko. Dagaa wa kumwaga, mawese mpaka kwenye viwiko, wali hakuna. Michango ilienda wapi?

Moto wa Mafiga

@Katubuka Juu uliletewa sahani mbili mwanangu, nilikuona.

Mgebuka Mkavu

😂😂😂😂 Katubuka kakamatwa mchana kweupe

Katubuka Juu

Moja ilikuwa ya mdogo wangu.

Toronto ya Miembe

Sufuria likipatikana, atakayelileta aulizie na godoro. Inchi sita, kitambaa cha bluu, kona moja limechomwa na pasi.

Mwana wa Mwanga

Mimi nipo Kibirizi. Kuna kijana ameshuka na boti ya pili, kavaa tisheti ya kambi, kichwani kafunika kitu kikubwa kwa khanga. Mama Mafiga, rangi nyekundu ni ukingo wote au upande mmoja?

Moto wa Mafiga

Upande mmoja. Msimamishe hapo hapo, nakuja na bodaboda.